Meza ya Nanyuki, Vita vya Sudan na Majani Chai ya Othaya

(Mada iliyotolewa kwa vijana mjini Nyeri. Tumeiweka hapa kwa maandishi kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Vijana wenzangu, niliombwa nizungumze juu ya ushirikiano wa kimataifa katika kujenga amani na kujenga dola kwenye nchi zilizoharibiwa na vita. Jina refu kweli kweli. Naona wengine mshaanza kutoa simu. Basi tuanze na kitu ambacho kila mtu hapa anakijua: majani chai.

Mwezi wa Machi 2025 serikali ya Sudan ilipiga marufuku bidhaa zote zinazotoka Kenya. Chai ndiyo iliyoumia zaidi, kwa sababu Sudan ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chai yetu. Sasa mchukue mama wa Othaya, yule anayeingia shambani na kikapu mgongoni umande haujakauka, anapeleka majani yake kwenye kituo, yanaenda Chinga au Iria-ini kusagwa. Hajawahi kufika Khartoum. Hana ugomvi na mtu yeyote huko. Lakini soko likifungwa, yeye ndiye atakayekuja kuuliza mbona bonasi imepungua. Tunasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Safari hii nyasi yenyewe ilikuwa ya kwetu, imepandwa kwa mistari kule juu.

Kwa nini Sudan ilikasirika? Mwezi mmoja kabla, Februari 2025, kundi la wapiganaji wa RSF pamoja na wanasiasa waliojiunga nao walikutana KICC, Nairobi, na baada ya siku chache wakatia saini hati ya kuunda serikali yao, nyingine kando ya ile iliyopo. RSF ni kile kikosi kinachopigana na jeshi la Sudan tangu tarehe 15 Aprili 2023. Mtakumbuka ilikuwa Ramadhani, katika lile kumi la mwisho, watu wamefunga, mabomu yanaanguka Khartoum. Tangu siku hiyo zaidi ya watu milioni 12 wamehama makwao. Januari 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba RSF wamefanya mauaji ya kimbari. Na wiki chache tu baadaye wakubwa wao wamekaa katika ukumbi ambao umejengwa kwa jasho la mlipakodi wa Kenya.

Serikali yetu ilijitetea. Ilisema Kenya inatoa tu mahali pa watu kuzungumza, kama ilivyofanya siku zote. Khartoum haikukubali; ilimwita balozi wake arudi nyumbani, kisha ikafunga mlango wa biashara.

Hilo neno "kama ilivyofanya siku zote" ndilo nataka tulifungue leo. Kwa sababu kuna ukweli ndani yake, na ukweli huo umepita hapa hapa karibu, Nanyuki.

Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Agosti 2003, serikali ya Sudan na wapiganaji wa kusini, SPLM, waliletwa Nanyuki kuzungumza. Vita vyao vilikuwa vimeanza 1983 na inakadiriwa watu milioni mbili walikufa, kwa risasi, kwa njaa na kwa maradhi. Mpatanishi alikuwa Mkenya, Jenerali Lazaro Sumbeiywo, aliyewahi kuwa kamanda wa jeshi letu la nchi kavu. Alitumwa na Rais Moi, kwa niaba ya IGAD, na nyuma yake walikaa Marekani, Uingereza, Norway na Italia. Huo sasa ndio ushirikiano wa kimataifa. Nchi jirani inatoa mpatanishi na mahali, wakubwa wa mbali wanatoa pesa na shinikizo, Umoja wa Mataifa unangojea kuleta walinda amani.

Kikao cha Nanyuki hakikuzaa matunda. Mwezi mmoja kabla, kule Nakuru, wapatanishi walikuwa wameandika rasimu, na Khartoum ikaikataa kabisa. Pale Nanyuki pande zote mbili zikakazana, wakaondoka bila makubaliano. Mkiangalia picha ya juu juu mtasema ilikuwa kazi bure. Lakini tazameni hili: hakuna upande uliosema "Kenya ni ya adui yangu, sirudi tena huko." Mwezi uliofuata, Septemba 2003, wakubwa wenyewe, John Garang na Ali Osman Taha, walikutana Naivasha uso kwa uso, na tarehe 25 wakakubaliana kuhusu majeshi. Januari 2004 wakagawana mafuta. Tarehe 9 Januari 2005 mkataba kamili ukatiwa saini Nairobi, uwanja wa Nyayo. Zaidi ya kurasa 200.

Mpatanishi anaweza kushindwa leo na kesho akarudi, mradi aaminiwe na wote wawili. Uaminifu huo ndio ulikuwa mtaji wa Kenya. Haukununuliwa na mfadhili yeyote. Ulijengwa kwa miaka, na ndio unaokwisha mtu akianza kuonekana ana upande.

Na sisi kama Waislamu kuna jambo ndani ya mazungumzo yale linatuhusu. Moja ya mizizi ya vita vya 1983 ni kwamba Rais Nimeiri alivunja mkataba wa Addis Ababa wa 1972 uliokuwa umewapa watu wa kusini madaraka yao, halafu akatangaza sharia kwa nchi nzima, pamoja na watu ambao si Waislamu na hawakuulizwa. Machakos, Julai 2002, ndipo suala hilo lilipopata jibu: kaskazini ibaki na sheria zake, kusini isilazimishwe, na baada ya miaka sita kusini ipige kura kuamua kama itabaki au itajitenga. Mnaona? Dini haikuwa ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa mtawala anayetumia dini kama fimbo. Mtu akiwaambia Sudan ilikuwa tu vita vya Waislamu na Wakristo, mwambieni asome Machakos kwanza.

Sasa nimewasifu wa Nanyuki na Naivasha. Nitoke hapo, kwa sababu sifa peke yake haitoshi.

Wakati mazungumzo yako huku kwetu mwaka 2003, upande wa magharibi mwa Sudan kulikuwa kunawaka moto mwingine. Darfur. Vita vya huko vilianza mapema mwaka huo huo. Watu wa Darfur hawakuwa Nanyuki, hawakuwa Naivasha. Wapatanishi na wafadhili waliogopa kwamba wakiiingiza Darfur, mkataba wa kaskazini na kusini utaharibika. Wakaiacha nje. Ilikuwa hesabu ya watu wenye nia njema, mimi siwatukani. Lakini serikali ya Khartoum ilipata nafasi. Ikawapa silaha wanamgambo waliojulikana kama Janjaweed, vijiji vikachomwa, Waislamu wakiua Waislamu. Miaka kumi baadaye, 2013, wanamgambo hao hao wakapewa sare na jina rasmi. Jina lenyewe ni RSF.

Rudini sasa KICC Februari 2025. Wale walioingia kwenye ukumbi ule ni zao la jambo lililoachwa nje ya mlango miaka 22 nyuma, tena mlango ulikuwa Kenya. Oktoba 2025 RSF waliuteka mji wa El Fasher, Darfur, na dunia nzima iliona yaliyofuata. Kwa hivyo wakati mwingine ukisikia mtu anasema "hao tutawashughulikia baadaye, kwanza tumalize hawa wakubwa wawili," jua baadaye ina namna yake ya kuja.

Si Darfur tu. Desemba 2003 wanawake kutoka kaskazini mwa Sudan waliomba kuingia kwenye mazungumzo ya Naivasha. Hawakuruhusiwa. Walilazimika kusukuma maoni yao chini ya mlango uliofungwa. Hebu mkae na picha hiyo kidogo. Wamezika watoto, wamelea mayatima, wamesafiri kutoka nchi nyingine, halafu karatasi yao inapita chini ya mlango kama bili ya stima.

Haya, kusini je? Julai 2011 Sudan Kusini ikawa nchi huru, baada ya karibu asilimia 99 ya wapiga kura kusema ndiyo. Wafadhili walifurika Juba. Na miezi michache tu baadaye, mwishoni mwa Novemba 2011, kukafanyika mkutano mkubwa wa misaada Busan, Korea Kusini. Hapo nchi zilizotoka vitani zilisimama na sauti yao. Zilikuwa zimejiunga pamoja tangu 2010 kule Dili, Timor-Leste, zikajiita g7+, pengine kuwatania wale G7 matajiri. Zikasema: mmetusaidia miaka mingi, lakini kila mfadhili anakuja na mradi wake, ofisi yake, gari lake, mtaalamu wake, na serikali yetu haijui nani anafanya nini. Wakakubaliana na wafadhili juu ya mambo matano yatakayotangulizwa: siasa inayokubalika na inayoshirikisha watu, usalama, haki, uchumi wenye ajira, na serikali inayokusanya kodi na kurudisha huduma. Na nchi yenyewe ndiyo iongoze, si mgeni.

Mimi nikisoma mambo yale matano nayapenda. Hakuna la kukataa. Sudan Kusini ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuyajaribu. Mwisho wa 2013 mkataba wake na wafadhili ulikuwa umekaribia kutiwa saini. Tarehe 15 Desemba 2013 wanajeshi wakaanza kupigana Juba, wa Rais Salva Kiir na wale wanaomfuata Riek Machar, na nchi ikasambaratika kabla wino haujagusa karatasi.

Kosa lilikuwa wapi? Siyo karatasi. Mwaka 2012 Rais Kiir mwenyewe aliwaandikia barua maofisa 75, wa sasa na wa zamani, akiwaomba warudishe kama dola bilioni nne zilizopotea. Bilioni nne! Anawaomba kwa barua! Karibu mapato yote ya serikali yalikuwa ya mafuta. Sasa fikirini: serikali inayokula mafuta haihitaji kodi ya mama anayeuza mboga sokoni Juba, na isiyohitaji kodi yake haina haja ya kumsikiliza. Wafadhili nao walijenga zahanati na kulipa wauguzi, ikawa serikali haiulizwi na wananchi wake hata dawa ziko wapi. Wananchi wanamuuliza mgeni. Hiyo ndiyo hatari ya msaada ambayo haisemwi sana: unaweza kuponya mgonjwa na papo hapo ukaua swali.

Tangu hapo wametia saini 2015, wakapigana tena Julai 2016, wakatia saini tena 2018. Uchaguzi umeahirishwa mara kwa mara. Mwezi Mei 2024 Kenya ilianzisha mazungumzo mengine Nairobi, yakaitwa Tumaini, na nani aliitwa kuyaongoza? Sumbeiywo, yule yule wa Nanyuki. Machi 2025 Machar akawekwa kizuizini nyumbani kwake. Mzee amerudi shamba alilolima miaka ishirini nyuma na kukuta magugu.

Najua kuna mmoja hapa anataka kuniuliza: sasa wewe unataka kila mtu aingie mezani? Wakiwa mia tano si watabishana mpaka Kiyama? Swali zuri, na sitalikwepa. Kweli, kilichofungua njia mwaka 2003 ni watu wawili kufungiwa chumba kimoja. Kuna saa unahitaji meza ndogo, kwa sababu risasi zinalia na wenye bunduki ndio pekee wanaoweza kuzisimamisha. Tazameni sisi wenyewe 2008. Zaidi ya watu 1,100 walikufa, mamia ya maelfu wakahama, na wengi wao walikimbilia huku kwetu kutoka Bonde la Ufa. Baadhi ya familia mnazijua kwa majina. Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa walikaa na watu wachache tu hoteli ya Serena, na tarehe 28 Februari Kibaki na Raila wakatia saini. Meza ndogo. Lakini hawakuishia pale. Waliandika ajenda ya nne: ardhi, ajira ya vijana, katiba, umaskini. Na Agosti 2010 katiba ikaletwa kwetu sote tuipigie kura. Meza ndogo ilizima moto, halafu ikafunguliwa. Sudan haikufunguliwa. Hapo ndipo mimi naona tofauti, zaidi ya pesa na zaidi ya wataalamu.

Nanyi watu wa mlima hamhitaji kwenda Sudan kuelewa hili. Muulizeni mzee yeyote wa Nyeri aliyekuwa na ndugu msituni. Mikutano ya Lancaster House, London, 1960, 1962 na 1963, ndiyo iliyopanga Kenya huru. Waliobaki msituni Nyandarua na Mlima Kenya na bunduki zao za kujitengenezea hawakuwa na kiti kule. Ardhi ya walowezi ikanunuliwa kwa mikopo kutoka nje, na anayetaka kipande alipe. Aliyepigana hana pesa. Maumivu hayo hayajaisha mpaka leo, ingawa sasa yanazungumzwa kwa sauti ya chini, hasa tunapokaribia uchaguzi.

Pande za kwetu Waislamu, ukanda wa Pwani uliwakilishwa, na makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Kenya na Zanzibar yalilinda mahakama za Kadhi. Ndiyo maana leo ukioa au ukirithi Nyeri unaweza kwenda kwa Kadhi. Ni kwa sababu kuna mtu alikaa mahali fulani akasema hili liandikwe. Lakini watu wa kaskazini, kuanzia Isiolo hapo chini ya mlima kwenda juu, walisikizwa 1962, wakaundiwa tume, tume ikakuta Wasomali wengi hawataki kubaki Kenya, na jibu lao likawekwa kando. Matokeo yake ni vita vya shifta, 1963 mpaka 1967, mifugo ya watu ikachukuliwa, watu wakakusanywa kambini. Mimi sisemi walikuwa sahihi kutaka kuondoka. Nasema waliulizwa, kisha wakapuuzwa, na kuuliza namna hiyo ni afadhali usingeuliza.

Jambo moja la mwisho kabla ya maswali, kwa sababu adhana inakaribia. Tarehe 25 Juni 2024 polisi wetu wa kwanza walitua Haiti, kwenda kuisaidia nchi ile kurudisha usalama. Siku hiyo hiyo, vijana wa rika lenu walikuwa barabarani, Nairobi na hata huku Nyeri na Nanyuki, wakipinga mswada wa fedha. Mpaka Julai mosi Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 katika maandamano yale. Tumemtuma polisi kujenga amani ya wenzetu, na wa nyumbani amelala mochari. Wageni wakitaka kutuita nchi imara watuite. Lakini mnaujua mtaa wenu.

Sasa tufanye nini? Sitawaambia muende Khartoum. Kuna sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari, imetokana na kifungu cha 35 cha katiba. Raia yeyote wa Kenya anaweza kuiandikia ofisi ya umma kuomba habari, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 kujibu. Hawalazimiki kujua unaitakia nini. Wakikataa au wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na kifungu cha 119 kinakupa haki ya kupeleka ombi Bungeni.

Maswali yetu ninayo hapa, ni matatu. La kwanza, ule mkutano wa Februari 2025 uligharimu nini, na nani alilipa. La pili, nani aliamua Kenya iwe mwenyeji, na kama Bunge liliulizwa. La tatu, tangu marufuku ile ya Machi 2025 wizara imefanya nini kuhusu soko la chai ya Sudan, na wakulima wameambiwa nini. Hili la tatu nataka mmoja wenu kutoka Othaya au Tetu aliandike kwa maneno yake, si yangu. Barua iende kwa wizara ya mambo ya nje, nakala kwa wizara ya kilimo na kwa mbunge.

Tutaiandika hapa hapa baada ya swala. Mwenye laptop yenye chaji asogee mbele, na dada aliyeandika vizuri lile ombi la barabara ya Majengo asiondoke, tunamhitaji.